Gari ya Vyumba Viwili

Watu wakinunua gari kutoka Japani hupiga picha wakiegemea boneti, mkono mmoja mfukoni, kana kwamba ni wao walioiunda. Mimi pia nilipiga. Picha iko sebuleni na sitaitoa. Nimechomelea milango ya chuma Kawangware tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na nusu ya ploti za pale kunakoitwa 46 zimefungwa kwa makomeo niliyoyatengeneza mimi. Shuleni sikukaa sana. Mwalimu wa darasa la nne na mimi tulikubaliana kwamba tunapotezeana wakati. Kwa hivyo mtu aliyesoma akiniuliza, "Mzee, kweli gari hii uliagiza mwenyewe?" humjibu, "Hapana, ilinifuata."

Kuagiza gari si kazi ngumu. Ni kazi ya kudanganywa polepole. Unaonyeshwa picha kwenye simu, gari imepigwa mbele, nyuma, kulia, kushoto, hata chini ya viti, kama mshukiwa. Unaambiwa ilikuwa ya nyanya mmoja wa huko, aliyeiendesha Jumapili tu akienda kununua mboga. Magari yote ya Japani yalikuwa ya nyanya huyo. Sijui anakula mboga kiasi gani. Serikali yetu nayo inasema gari ikishapita miaka minane isiingie nchini, sheria ambayo naona wanasiasa walisahau kujipimia.

Aliyenisaidia na mambo ya simu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, dereva wa lori la mchanga anayeishi Kongo, kule kule Kawangware. Gari ilipopakiwa melini nilikuwa namsumbua kila jioni.

"Shemeji, leo iko wapi?"

"Bado iko baharini."

"Bahari gani?"

"Ile kubwa."

Ilipofika Mombasa ilikuwa nzima. Ilipofika Nairobi haikuwa na jeki, wala mazulia ya kukanyagia, wala kile kifuniko cha gurudumu la akiba. Nyanya wa Japani alikuwa ameacha kila kitu mahali pake, lakini njiani kuna watu waliona gari imebeba uzito mwingi wakaihurumia. Redio nayo ilikuwa inashika stesheni moja tu, ya mhubiri mwenye mafua, kwa sababu mawimbi ya kwao yanaishia pale yetu yanapoanza. Na ukiwasha injini, mwanamke fulani ndani ya dashibodi anakusalimu kwa Kijapani. Maneno marefu, laini, kama anakuomba msamaha kwa jambo ulilofanya wewe. Fundi wa umeme alisema kumtoa huyo mama ni kufungua dashibodi yote. Nikamwambia amwache. Ametoka mbali.

Sitataja gari ni ya aina gani, kampuni yenyewe haijanilipa. Ni ndogo, milango mitano ukihesabu na wa nyuma, rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai kidogo. Nyumbani kwangu Kibera hakuna njia ambayo mikokoteni miwili inaweza kupishana, kwa hivyo inalala kwenye uwanja wa kanisa letu kando ya lami, na mlinzi, na taa. Mimi nalala ndani kabisa huko chini bila mlinzi wala taa. Asubuhi naifuata kwa miguu kama mtu anayeenda kumwona mkubwa.

Sasa, gari ikishaingia kwenye ukoo si yako tena. Pasta aliiombea, akapaka mafuta kwenye usukani, mikono yangu ikateleza wiki nzima, kisha akaomba apelekwe kwa mkutano. Kila kamati ya matanga ilinichagua mwenyekiti wa usafiri bila kura. Hayo yote nilivumilia. Lililonishinda lilikuwa la mama mkwe.

Mama mkwe wangu alitoka Magharibi jicho la kushoto likiwa limekwisha kabisa. La kulia lilikuwa limeota ukungu, ule wanaouita mtoto wa jicho. Huko nyumbani alikuwa ameanza kuwapa kuku wa jirani mahindi yake. Kuna hospitali moja ya kanisa upande ule mwingine wa mji, juu kwenye baridi, ambako madaktari wa macho huja mara moja kwa mwaka, wakapasua watu kwa juma moja, wakaondoka. Mke wangu alimpeleka akaonwa, akapewa siku yake. Daktari akasema wazi: siku hiyo ikipita, mpaka mwaka ujao, na hilo jicho halitangoja mwaka ujao.

Basi gari ipo, dereva yupo, siku ipo. Shida iko wapi?

Shida ni kwamba mimi ni mkwe. Kwetu, wewe na mama wa mke wako hamshikani mikono. Hamli meza moja. Hamkalii kiti kimoja hata kama mmoja ameshainuka. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye majani mpaka apite, na hata mkitaka kuulizana habari ya mvua lazima awepo mtu wa tatu wa kupokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule. Kulala chini ya paa langu hawezi, ndiyo maana alikuwa amefikia kwa mwanawe Kongo. Vijana wa siku hizi huwakumbatia mama wakwe zao mbele ya kamera. Hiyo ni shauri yao. Mimi sikulelewa kukumbatia ovyo.

Mke wangu alianza mapema. "Baba watoto, mama ataenda na nini?"

"Na gari."

"Gari gani?"

"Kwani tuna ngapi?"

"Hiyo yako, ukikohoa nyuma mtu wa mbele anafuta shingo. Mama yangu hawezi kuingia humo na wewe. Acha ndugu yangu aiendeshe."

"Ndugu yako ni wa lori. Ataiendesha kama amebeba mchanga."

"Basi tukodishe teksi."

Hapo nikapandisha sauti. Gari iliyovuka bahari ile kubwa iko kanisani inaota jua, halafu mimi nimkodishie mama mkwe gari ya mtu mwingine, Kawangware nzima ikiangalia? Matatu nayo haikuwa ya kuzungumzia. Wiki ya kwanza alipofika mjini watu walimsukuma pale stejini, akaangukia mtaroni. Alitoka huko na kiatu kimoja na matusi mengi.

Tukaita wazee watatu wa kwetu, tukakaa uani kwa shemeji. Mama mkwe alikuwa ndani, upande wa pili wa mabati, anasikia kila neno. Swali lilikuwa moja. Gari ni nini?

"Gari ni nyumba," akasema wa kwanza. "Ina paa, ina milango, ina viti. Mkwe na mama mkwe hawafungiwi nyumba moja."

"Nyumba gani ina magurudumu?" akadakia wa pili. "Gari ni barabara. Na barabarani watu hupishana, bora wasiangaliane."

Shemeji, ambaye hakuulizwa, akaleta amani. "Wazee, mnaonaje tuseme hivi: ikienda ni barabara, ikisimama ni nyumba."

Wakatikisa vichwa. Likaonekana neno la maana. Kisha yule mzee kuliko wote, aliyekuwa kimya akihangaika na mkate mgumu, akauliza, "Na hapa Nairobi, gari inaenda saa ngapi?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kutoka huko ndani mama mkwe akamwita binti yake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Hebu waulize hao wazee kama wana macho ya kuniazima wakati wanaendelea kuamua."

Kicheko kikakatika. Na mimi, nikiangalia yale mabati yaliyokuwa kati yetu na yeye, ndipo nikapata akili. Kawangware ploti moja ina vyumba kumi. Kinachotenganisha chumba na chumba ni bati tu. Upande huu mtu anakaanga omena, upande ule mtu anaugulia meno, na hawajawahi hata kuamkuana. Hakuna anayesema wanaishi nyumba moja. Kila mtu ana mlango wake.

"Wazee," nikasema, "mlango wa mbele ni wangu. Wa nyuma ni wake. Nikiweka ukuta katikati, gari ni ploti."

Wakaangaliana. Yule wa mkate akasema, "Hiyo haina neno." Mambo yakaisha hapo.

Nilijenga ule ukuta kwa mikono yangu, na nasema bila aibu kwamba ulikuwa kazi safi. Nilikata bati zito nikafuata umbo la gari, nikalifunga kwa nati na bolti nyuma ya viti vya mbele, kwa sababu kuchomelea ndani ya gari kungeunguza viti vya nyanya wa Japani. Kutoka mabegani kwenda juu nikaweka waya, mke wangu akatundika pazia la maua lililokuwa dirishani kwetu. Kingo zote nilizipiga tupa zisimkwaruze mtu. Kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma kilikuwa sasa kinaonyesha maua tu, lakini vioo vya pembeni vilikuwepo, na shingo nilikuwa nayo.

Vijana wa kuosha magari pale karibu na kanisa waliizunguka gari wakaizunguka tena.

"Buda, umeanza kubeba wafungwa?"

"Hiyo ni Mariamu ya polisi, si gari."

"Ni vyumba viwili," nikawaambia. "Choo ni nje."

"Na kodi je, mzae?"

"Uliza mamako, yeye ndiye anatafuta nyumba."

Wakapiga makelele ya kufurahi. Kijana wa Nairobi ukimtukana vizuri anakuheshimu.

Siku yenyewe tulikuwa tumepanga hivi: mke wangu atangulie alfajiri na matatu ya kwanza akashike foleni, kwa sababu huko mgonjwa asiyeitika jina lake likiitwa mara ya pili anarukwa. Shemeji akae nyuma na mama yake, awe yule mtu wa tatu. Nilipofika Kongo, shemeji hakuwepo. Mwenye lori alikuwa amempigia, mchanga umepatikana, akakimbia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, amejifunga leso mbili, anatazama mahali ambapo gari haikuwepo. Jirani mmoja mwanamke akamshika mkono akamwingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye kioo cha mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Nikawasha. Mama wa dashibodi akasema yake.

Nyuma ya ukuta nikasikia salamu ya kwetu: "Mulembe, mama."

Mama wa dashibodi hakuitikia.

"Mulembe sana," akarudia kwa sauti, akidhani mwenzake ni mgumu wa masikio.

Ningejibu nini? Sikuwa na ruhusa hata ya kukohoa kwa maana. Tulipokata kona ya kuingia barabara kubwa, yule mama akaongea tena, maana kile chombo chake cha ramani kinaamini bado kiko Japani na kila kona hukishtua.

"Ahaa," kukasemwa nyuma. "Si wa kwetu. Lakini amelelewa."

Tukaenda. Nikaingia shimo moja, nikaingia lingine. Akasema, "Mama, samahani, mwambie huyo anayeshika usukani kwamba si lazima amalize mashimo yote."

Nikaangalia dashibodi. Yule alikuwa mtu wa tatu kamili: yuko kati yetu, anasikia pande zote mbili, wala hana ukoo na yeyote. Nikasema, "Mama, mwambie mgeni wetu wa chumba cha nyuma kwamba mashimo ni ya serikali. Wangu ni usukani tu."

Nikasikia kikohozi. Alikuwa anacheka ndani ya leso.

Basi hivyo ndivyo tulivyozungumza kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na wajukuu tumempa wakubwa wenye ndevu. Aliniuliza, kupitia kwa huyo mama, kama binti yake bado anakoroma. Nikamjulisha kwamba majirani huhama. Akaniuliza kama ni kweli gari hii ni yangu au ni ya kanisa. Nikamweleza ni yangu mpaka nati ya mwisho. Akasema basi imepoa, ina kiti kizuri, ni kubwa. Wakati mwingine mama wa Japani alidakia katikati na sisi tulinyamaza amalize, kwa adabu.

Kitambo baadaye nikadhani amesinzia.

"Mama," akasema, sauti ikiwa ndogo sasa, "mwambie mimi naogopa huo wembe."

Mimi ni mtu wa chuma. Chuma hakiulizi.

"Mwambie si kama wembe wa kinyozi. Ni kitu kidogo sana."

"Muulize yeye alikiona wapi."

"Mwambie sikukiona. Nasema tu."

"Haya. Mwambie asante kwa kusema tu."

Pale barabara inapoanza kupanda kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari mmoja mrefu alitupa jicho, akatupa la pili, akainua mkono. Nikasimama. Na ikisimama, kumbuka, ni nyumba.

"Mzee, hii ni nini umefunga hapa?"

"Ukuta, afande."

"Ukuta wa nini? Huko nyuma unaona vipi?"

"Kwa shingo."

"Umebeba nini?"

"Mama mkwe."

Alidhani namfanyia mzaha. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akamkuta mama mzee amekaa nyuma ya bati na waya, jicho linamtiririka machozi kwa ule ugonjwa, fimbo mkononi. Akainama. Sauti yake ikabadilika ikawa ya mtoto mwema.

"Mama, huyu mtu unamjua?"

Mama mkwe wangu ni mtu mkweli. Huo ndio ubaya wake.

"Kwa uso simjui," akasema. "Sijawahi kumwangalia."

"Anakupeleka wapi?"

"Nikapasuliwe."

Askari akaninyang'anya funguo kabla sijavuta pumzi. Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, kwa mikono, nikaeleza mila za kwetu kutoka mwanzo, na kwa bahati nzuri mwenzake mmoja pale alikuwa ameoa upande wetu, akacheka hadi akaketi juu ya jiwe. "Mwachilie," akasema, "hata mimi nikimwona wangu huwa naruka ua." Lakini yule mrefu alikuwa askari wa sheria. Katika mji huu mzima, asubuhi hiyo, nilikuwa nimempata yule mmoja.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. "Lakini ukuta unatoka hapa hapa, ama gari inaenda kituoni. Chagua."

Kwenda kituoni ilikuwa kukosa daktari. Simu ikalia, mke wangu: "Mko wapi? Wameanza kuita. Watu wa mbele yetu si wengi." Nikachukua spana zangu nikapiga magoti ndani ya gari nikafungua kazi yangu safi, bolti moja baada ya nyingine. Mama mkwe aliposikia bati linalia alitoka mwenyewe akipapasa, akasimama kando ya mtaro akiwa ametugeuzia mgongo. Ukuta ukabaki kwa polisi. Nadhani waliulalia.

Nikakaa kwenye usukani, mlango wa nyuma ukiwa wazi, nikangoja. Yeye hakusonga.

Chumba kilikuwa kimoja sasa. Nilijua akiingia atakuwa amevunja kitu ambacho mama yake alimpa na mama wa mama yake. Nilijua asipoingia, kesho kutwa atakuwa anaongozwa kwa mkono kwenda chooni mpaka siku ya kufa. Kumsihi sikuweza, hata jina lake sikuwa na ruhusa ya kulitamka. Matatu zilikuwa zinapita zimejaa hadi mlangoni. Injini ilikuwa imezimwa, kwa hivyo hata mama wa Japani alikuwa kimya. Naapa sijawahi kuona gari ndogo namna ile. Hiyo gari ningeibadilisha na trela mara moja.

Ni yeye aliyeita. "Mwanangu askari."

"Naam, mama," akaitika yule mrefu.

"Niambie. Hapo mbele kuna mtu?"

"Yuko, mama. Mkwe wako."

"Mimi simwoni. Huku kushoto ni usiku, huku kulia ni moshi. Mtu nisiyemwona nitamkoseaje heshima? Kwangu mimi hiyo gari ni tupu. Na gari tupu naingia. Mwambie hivyo."

Askari akaja dirishani kwangu, amesimama wima kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. "Mzee, mama anasema gari ni tupu."

Nikasema, "Mwambie ni kweli. Mwambie sipo."

"Mama," akapaaza sauti, "anasema hayupo."

"Vizuri," akasema mama mkwe. "Basi anishike mkono mtu aliyepo."

Askari akamshika, akamkalisha, akamfunga mkanda, akanirudishia funguo bila kuniangalia. Nikaendesha kutoka hapo mpaka hospitali nikiwa sipo. Sikukohoa. Nilipowasha, mama wa dashibodi alitoa salamu zake, na mimi na yule wa nyuma hatukumpa ujumbe wowote wa kupeleka. Shingo yangu ilikuwa wazi mbele yake, na kila nilipopinda nilihisi nimevua shati kanisani. Tulifika jina likiitwa kwa mara ya pili. Mke wangu alimkamata mama yake mlangoni akakimbia naye ndani, na mimi nikabaki kwenye maegesho nikifunga na kufungua milango bila sababu, mtu mzima, mwenye gari yake.

Alipasuliwa siku hiyo, akalala wadi, binti yake kando. Kesho yake wakamfungua bendeji.

Nilikuwa nimeegesha karibu na mlango. Shemeji naye alikuja kwa matatu, amejaa mchanga mpaka masikioni, anaomba radhi kwa kila mtu hadi mlinzi wa geti. Mama mkwe akatokea. Fimbo alikuwa ameibeba kwapani. Alisimama kwenye ngazi, akaangalia mlima, akaangalia ua la njano lililokuwa pale, akainama akaangalia viatu vyake mwenyewe kwa muda mrefu, akamwambia binti yake, "Mbona ulininunulia vya kijani?" Kisha akainua uso, na mbele yake nilikuwa mimi.

Niligeuka haraka nikaangalia ukuta wa hospitali. Na yeye aligeuka, nilisikia nyayo zake kwenye kokoto. Kwa hivyo sasa nilikuwepo. Mambo ya kutokuwepo yalikuwa yamekwisha, daktari alikuwa ameyatoa pamoja na ule ukungu.

Hakuna aliyeniambia la kufanya. Nilimpa shemeji funguo, bila kumtazama, nikamwambia, "Taratibu. Si lori." Nikatoka getini nikasimamisha bodaboda.

"Kawangware, mzee?"

"Kawangware. Fuata hiyo gari."

"Imekuibia?"

"Ni yangu."

Yule kijana aligeuka akaniangalia, halafu akaamua si kazi yake. Tukateremka nayo mlima, mimi nimevaa kofia ya plastiki yenye harufu ya watu, nikila moshi wa gari yangu mwenyewe. Shemeji alikuwa anaipeleka vizuri, lazima niseme, ingawa kwenye kona alikanyaga breki kama mtu anayeua nyoka. Kwenye kioo cha nyuma cha gari nilimwona mama mkwe. Alikuwa amegeuka kabisa kitini, amepiga magoti kama mtoto, pua karibu iguse kioo, anaangalia kila kitu tulichokiacha: mabango, mbuzi, mitumba iliyotundikwa, watu. Na mimi. Tulipokaribia sana kwenye msongamano aliinamisha kichwa, na mimi nikainamisha changu. Magari yakisogea, pikipiki ikirudi nyuma kidogo, alikuwa anainua tena jicho lake jipya na kuniangalia kwa raha zake, kutoka umbali wa kutosha kwamba hakuna mzee yeyote angetuuliza.

Jioni mke wangu alirudi Kibera na ujumbe.

"Mama anasema asante."

"Haya."

"Anasema pia alidhani wewe ni mrefu."

"Na gari je? Amesema nini?"

Akavua viatu kwanza, akakaa. "Anasema ni ndogo. Anauliza kama ile ya jana uliiuza."